Unataka kuwa DJ wa hausi na muziki wa elektroniki? Weka pesa mfukoni kwanza, tuhesabu hadi 32

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki napata ujumbe wa aina moja: "Kaka nataka kuanza u-DJ, ninunue mashine gani?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, nikaona bora nishushe uzi mmoja, nikiulizwa tena nawaelekeza huku.

Nianze kwa kusema mimi si DJ mkubwa. Napiga hausi, amapiano na tekno kidogo, mara mbili tatu kwa mwezi hapa Dar. Mchana nina kazi nyingine kabisa. Nimejifunza ukubwani, bila mwalimu, na makosa niliyofanya ni mengi kuliko ngoma nilizonazo.

Kosa la kwanza ni kununua mashine kabla sijajua nataka inifanyie nini. Nilibeba kontrola (mashine ya DJ inayoendesha programu ya kompyuta) iliyotumika kutoka duka moja Kariakoo, ina mataa kama gari la harusi. Nikafika nyumbani, nikaweka ngoma mbili, nikaziachia pamoja. Ikatoka sauti ya mtu anayeporomosha masufuria ngazini. Nikabadilisha ngoma, masufuria yaleyale. Nikamlaumu muuzaji, mashine ikapanda juu ya kabati, ikakaa huko miezi mitatu.

Aliyenifungua masikio ni dereva wa daladala, na yeye mwenyewe hajui. Nilikaa siti ya mbele, tumekwama taa za Mwenge, redio inapiga hausi ya taratibu. Dereva kawasha indiketa ya kulia: tik-tak, tik-tak. Nikaanza kuisikiliza pamoja na ngoma. Kuna sekunde kadhaa ile tik ilikuwa inaangukia juu ya pigo zito la chini (lile tunaloita kiki), safi kabisa, utadhani prodyuza ndiye aliyeiweka. Halafu kidogo kidogo ikaanza kutangulia. Ikaenda ikaenda mpaka ikawa inapiga katikati, pale kiki inapovuta pumzi. Hapo ikakera. Ikaendelea kutangulia, ikarudi tena juu ya kiki. Taa zikaruhusu, tukaondoka, mimi nimeduwaa.

Kumbe mambo ni mawili. Kuna kasi, halafu kuna pigo kuangukia juu ya pigo. Nyumbani nilikuwa nahangaika na la pili huku la kwanza sijaligusa.

Piga hesabu. Ngoma moja ina mapigo 124 kwa dakika (ndiyo hiyo BPM mnayoiona), nyingine ina 124.5. Kwenye karatasi unasema zinalingana. Lakini kila dakika moja inayopita, ya pili inamwacha mwenzake nusu pigo, na nusu pigo ndipo pabaya kuliko pote. Masufuria yanatoka hapo.

Sasa kuhesabu. Karibu hausi yote, tekno na amapiano huenda mapigo manne manne. Moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu-nne. Manne hayo ukiyarudia mara nane unapata 32, na mara nyingi kwenye pigo la kwanza baada ya 32 ndipo kitu kinapobadilika: makofi yanaingia, besi inatoka, sauti ya mwimbaji inaanza. Kwa BPM 124 hiyo ni kama sekunde 15.5. Waliosoma ushairi sekondari watanielewa haraka. Shairi lina mizani 8 ukwapi na 8 utao, ukivuka mshororo unajua umevuka hata kama hukuhesabu. Ngoma hizi nazo zina mizani. DJ anayeingiza ngoma mpya kwenye pigo la 19 ni sawa na mtu anayeanza ubeti wake wakati mwenzake yuko katikati ya mshororo. Kasi inaweza kuwa sawa, kiki juu ya kiki, na bado watu wataona kuna kitu hakijakaa, ila hawatajua kukitaja.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiguse mashine. Chukua ngoma tano unazozipenda, kaa nazo na daftari. Hesabu hadi 32, andika dakika na sekunde kila kitu kinapobadilika. Ngoma ya tano utakuta unaotea mabadiliko kabla hayajafika.

Ila tafuta toleo refu la ngoma. Lile la redioni lina dakika tatu, mtu anaanza kuimba hujakaa sawa. Toleo refu la dakika 6 au 7 huanza kwa mapigo matupu na kuishia kwa mapigo matupu. Mtu aliitengeneza hivyo kwa ajili yako, ili mkia wa hii ulale juu ya kichwa cha ile.

Maswali karibuni.

#2 Mdau

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi nina laptopu ya chuo tu na hedifoni za simu. Pesa ya kontrola haipo na haitakuwepo hivi karibuni. Nikae benchi au kuna njia?

#3 Mleta uzi

Njia ipo kaka. Kuna programu inaitwa Mixxx, ni ya bure kabisa, inakubali Windows, Mac na Linux, na hailazimishi kontrola. Unatumia kibodi na kipanya. Ni mateso kidogo, lakini kuhesabu na kulinganisha kasi utajifunza vilevile.

Tatizo lako litakuwa moja. Laptopu ina tundu moja la sauti, na DJ anahitaji sauti mbili: moja inakwenda kwenye spika, watu wanaisikia, nyingine inaingia hedifoni kwako tu. Hii ya pili wanaoanza huwa wanaidharau, kumbe kazi yote iko humo. Ngoma inayopigwa sasa hivi umeshamalizana nayo. Unayoshughulika nayo ni ile ambayo watu bado hawajaisikia.

Dawa ni waya wa kugawa sauti. Upande mmoja unakwenda spika, wa pili unakwenda hedifoni, na Mixxx ina sehemu ya kuiambia igawe hivyo. Utapoteza stereo, lakini kwa chumbani nani anajali. Au nunua kadi ya sauti ya USB, ile ndogo kama fleshi, ukawa na tundu la pili.

Siku pesa ikipatikana, usikimbilie mataa kama mimi. Uliza kwanza: ina kadi ya sauti ndani? Ina tundu la hedifoni na tundu la spika, mbalimbali? Pioneer DDJ-400 ilitoka 2018 na wengi wetu tumefundishiwa nayo, kisha ikafuatiwa na DDJ-FLX4. Hercules nao wana ndogo za wanaoanza. Yoyote kati ya hizo inakutosha miaka miwili. Ukinunua iliyotumika, iwashe palepale dukani, vaa hedifoni, sogeza kila kitelezi taratibu toka chini hadi juu. Ukisikia mkwaruzo kama mtu anakanyaga changarawe, rudisha. Ya kwangu ilikuwa inakwaruza na mimi nikadhani ndiyo staili.

#4 Mdau wa Nairobi

Niaje wasee. Niko Nairobi, mimi hupiga afro hausi wikendi. Nimesoma uzi wote na swali langu ni moja: mbona unamtesa kijana na indiketa za matatu na kuna kitufe cha SYNC? Unabonyeza, ngoma zinashikana, unaendelea na maisha. Watu wamekuja kucheza, hawakuja kuangalia vile unasumbuka na kitelezi. Huo ni ushamba wa wazee wa santuri.

#5 Mleta uzi

Hahaha, karibu ndugu yetu. Nilijua SYNC itakuja, nikashangaa imechelewa.

Sina ugomvi na SYNC, nami naitumia. Ila elewa inachofanya. Programu inaisoma ngoma, inaichorea mistari pale inapodhani mapigo yapo, halafu inalinganisha mistari ya hii na ya ile. Ikikosea kuchora, italinganisha makosa kwa uhodari mkubwa. Iwekee ngoma ya zamani iliyopigwa na mpiga dramu wa kweli, ambaye akifurahi anaongeza mwendo, uone mistari inavyokwenda tenge. Na hata mistari ikiwa sahihi, SYNC haijui kama mwimbaji wa ngoma ya kwanza hajamaliza kuimba.

Halafu kuna siku utafika ukumbini ukute mashine mbili hazijaunganishwa, au moja imegoma kusoma mpangilio wa fleshi yako. Kitufe kipo ila hakina kazi. Technics SL-1200 MK2 ya 1979, mashine ya santuri, ile yenye kitelezi cha kasi pembeni, haikuwa na skrini wala SYNC, na watu walipiga usiku kucha kwa masikio.

Kwa anayetaka kujifunza kwa sikio, hivi ndivyo ninavyofanya. Ngoma A iko kwenye spika. B iko hedifoni. Naiweka B kwenye kiki yake ya kwanza, nasubiri "moja" ya A, naiachia. Kisha sitazami skrini, nasikiliza tu. Nikisikia B inatangulia, naipunguza kasi kidogo kwa kitelezi na kuisukuma nyuma kwa gurudumu mpaka zikae. Nangoja. Ikitangulia tena ina maana bado ina kasi, naishusha kidogo zaidi. Gurudumu linarekebisha ulipo, kitelezi kinarekebisha mwendo. Wengi wanasukuma gurudumu dakika tano nzima na kitelezi hawajakigusa, kama mtu anayepiga deki bomba linavuja.

Na ukiongeza kasi, sauti nayo inapanda, kama santuri iliyozungushwa haraka. Asilimia 6 ni karibu nusu toni nzima ya muziki. Mashine nyingi zina kitufe cha kuizuia isipande, lakini ukivuta kasi sana sauti ya mwimbaji inaanza kuwa kama ya roboti mwenye mafua. Bora uchague ngoma zinazokaribiana tangu mwanzo.

#6 Mdau

Habari zenu. Mimi ni dada, Mtanzania ninayeishi Kampala kikazi, nimeanza mwaka jana. Niseme mawili ambayo kaka mleta uzi ameyaruka.

La kwanza ni besi. Nilikuwa nalinganisha kasi vizuri tu, mapigo yamekaa, na bado wakati wa kubadilisha ngoma sauti inakuwa nzito, tope tupu. Nikadhani ni spika. Siku moja DJ mmoja hapa akanisogezea mkono kwenye miksa (pale sauti za ngoma zinapochanganywa), akashusha kitufe cha besi cha ngoma mpya mpaka mwisho, akaniambia: sasa ingiza. Ikaingia laini kama si yangu. Tukahesabu 32, akazungusha mara moja, besi ya zamani chini, ya mpya juu. Ukumbi ukapiga kelele. Ngoma mbili zina besi mbili na spika ni zilezile, mafahali wawili zizi moja. Tangu siku hiyo hiki ndicho nafanya kwanza kabla ya madoido yoyote. Na taa za miksa zisifike nyekundu. Ukitaka sauti zaidi, mwambie fundi wa spika.

La pili ni masikio. Kwa viwango vya kitaalamu vinavyotumika Marekani kwa watu wa kazini, desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Hesabu mwenyewe: ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Ukumbini zinafika hapo bila shida. Mimi nina vizibo vya masikio kwenye pochi, na hedifoni nafunika sikio moja tu, kwa sauti ya chini kadiri ninavyoweza. Wanaume mnanicheka, sawa.

Kwa akina dada wanaopita hapa: huku Kampala kuna Femme Electronic ya DJ Rachael, mwanamama aliyeanza kupiga tangu miaka ya 1990, wanafundisha wanawake mashine na utayarishaji. Aliye Nairobi awatafute Santuri, hilo ni jina la kikundi kinachofundisha muziki wa elektroniki. Kujifunza chumba kilichojaa kaka zako wanaokupokonya hedifoni kila dakika si rahisi.

#7 Mdau

Dada hapo juu umenena. Mleta uzi, swali la mtaani: hausi nimeelewa. Singeli je? Mimi ni mtoto wa Manzese, nikipiga hausi saa nzima bila singeli nitarushiwa chupa. Lakini singeli iko mbio, utaitoaje 124 uifikishe huko?

#8 Mleta uzi

Hili swali nilikuwa nalisubiri, maana hapa ndipo sisi tuna cha kwetu. Singeli nayo ni muziki wa elektroniki, tena uliozaliwa uswahilini kwetu, kwenye kompyuta za vyumbani. Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, ilipotoa mkusanyiko wa ngoma za studio ya Sisso mwaka 2017, Wazungu wa tekno wakashika vichwa, wakati sisi vigodoroni tulishazoea.

Singeli huenda kati ya 180 na 300. Usijaribu kuburuza hausi toka 124 hadi 200, utaua ngoma zote mbili. Fanya hivi: 124 mara mbili ni 248. Tafuta singeli ya 248 au jirani yake. Pigo moja la hausi linabeba mawili ya singeli, zinatembea pamoja bila kugombana, kama mzee anayetembea ameshikwa mkono na mjukuu anayekimbia. Amapiano ya 112 inakupa 224. Mimi nina folda yenye ngoma za singeli zimepangwa kwa nusu ya kasi yake, nikiwa 120 najua naenda wapi. Programu nyingi zenyewe huchanganyikiwa na singeli, zinaandika 124 badala ya 248. Safari hii kosa lao linakusaidia.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza ya watu ilikuwa besidei ya binamu, juu ya ghorofa, Sinza. Saa nzima hausi imekaa, shangazi wote wamesimama. Binamu akaja: "Tupe singeli." Sikuwa nimeandaa. Nikachukua ya kwanza niliyoiona, nikaiachia juu ya hausi hivyo hivyo. Masufuria yakarudi, safari hii kwa spika za inchi 18. Nikataharuki, nikabonyeza kusimamisha, nikasimamisha ile ya upande uliokuwa unasikika. Kimya. Unasikia barafu zinagongana kwenye glasi. Halafu shangazi mmoja, Mungu ampe umri, akaanza kupiga makofi na kuimba wimbo wa besidei, wote wakaitikia, keki ikaletwa kabla ya wakati. Nikapata dakika nne za kujipanga. Watu wakadhani ndiyo ratiba.

Tangu hapo natembea na ngoma mbili tatu za kuokolea jahazi, zile ambazo zikianza kwa sauti yake tu watu wanaitikia. Kimya kikitokea unaachia hiyo, huhitaji kuchanganya chochote.

Na ngoma zenu mzitafute kwa njia halali na kwa ubora. Faili lililonyofolewa kwenye video likapigwa kwenye spika kubwa linasikika kama liko ndani ya ndoo. MP3 ya 320 kbps ni kama MB 2.4 kwa dakika, ngoma ya dakika 7 haifiki MB 17, fleshi ya GB 32 inabeba nyingi kuliko utakazoweza kuzijua. Bandcamp na Beatport wanauza moja moja. Nunua tano kwa mwezi uzijue kwa ndani, kuliko kukopi elfu mbili za rafiki ambazo hujui hata zinavyoisha.

#9 Mdau

Vijana, nawasoma tangu mchana. Mimi nilipiga disko la mitaani enzi za kaseti, huyo wa Nairobi aliyesema ushamba wa wazee wa santuri nimemsikia.

Sisi tulikuwa na deki mbili za kaseti na kalamu ya biki. Unazungusha utepe kwa biki mpaka nyimbo inakaa pale inapoanza, unatumbukiza, unasubiri. Kasi huwezi kuigusa. Kwa hiyo tulipanga kaseti mchana kutwa: hii ifuate hii kwa sababu mwendo wake unakaribiana. Kuhesabu huko anakosema mleta uzi tulikufanya bila kujua kunaitwaje, mguu ndio uliohesabu. Mnavyo vyombo, hongereni. Ila bado naona DJ wa siku hizi amekodolea skrini kama karani wa benki, na watu mbele yake wameshakaa.

#10 Mdau wa Nairobi

Mzee shikamoo. Hiyo ya biki imenimaliza. Nimeondoa neno ushamba, SYNC naibakisha.

#11 Mleta uzi

Shikamoo nimeipokea kwa niaba ya mzee, maana huenda ameshalala. Mzee, ukipata nafasi tushushie uzi wako wa enzi hizo, tutausoma wote.

#2 Mdau (nimerudi)

Wakuu, ripoti. Mixxx nimeshapakua, waya wa kugawa nimeupata. Leo jioni nikaona nianze zoezi kwenye daladala, hedifoni masikioni, nahesabu kwa vidole. Nilitakiwa kushuka Tangi Bovu. Nimeshtukia tuko Lugalo, konda ananiangalia.

#12 Mleta uzi

Ulikuwa umefika ngapi?

#2 Mdau

28.